Mita Moja na Nusu

Nakutegea, nawe ukae tayari. Nina mlinzi asiye na miguu. Hana nauli, haagi mtu, hanyanyui mzigo, lakini kila mwaka nikimtazama namkuta mbele kidogo ya pale alipokuwa. Ni nani? Usikurupuke. Ukisema konokono nitakucheka, konokono hajawahi kumlinda mtu. Ukisema kivuli umejitahidi, ila kivuli kikienda asubuhi hurudi jioni, na huyu wangu harudi. Lishike fumbo mkononi, usiliangushe. Wenyewe watakuja kulifumbua mbele yetu, tena bila kupenda.

Sasa itazame nyumba hii. Ni ya vyumba viwili na sebule, imejengwa na mwenyewe, mwashi ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kana kwamba mafundi wengine ni wapita njia. Hata mke wake humwita Fundi. Akikasirika ndipo humwita "mume wangu", na hapo Fundi hujua kumeharibika. Mke ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake imekaa kwenye korido, na ukitaka kwenda chooni sharti upite kiubavu, umejibana, huku sketi za buluu zikikupangusa uso kutoka kwenye kamba. Chumba kimoja ni cha wenyewe, cha pili ni cha mabinti zao wawili. Sebuleni, nyuma ya pazia lililoungwa kwa vipande vya sare, analala Bibi, mama mzazi wa mke.

Hapo ndipo penye shughuli. Mkwe na mkwe chini ya paa moja, choo kimoja, bafu moja! Fundi akawa mtu wa kukohoa. Akitoka bafuni anakohoa, akitaka kuingia sebuleni kwake mwenyewe anakohoa, akiwa na kiu anakohoa kwanza kabla ya kufuata maji, mpaka mabinti wakamwuliza kama ana kifua. Naye Bibi akisikia kikohozi huvuta shuka hadi kidevuni akajifanya amelala, hata kama ni saa nne ya asubuhi na jua liko mezani. Miezi kumi na minne waliishi hivyo, mmoja anakohoa, mwenzake anakoroma kwa uongo, na heshima imekaa katikati yao kama mgeni asiyejua kuondoka.

Ndiyo maana Fundi akaanza kujenga uani. Chumba kimoja, kibaraza, na choo chake pembeni. Kuta zilipofika usawa wa linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, kabla hata ya paa, Bibi akahamia. Si kulala, ni kukaa. Kila mchana alichukua kigoda chake, akaingia kwa mlango usio na mlango, akaketi katikati ya chumba na kutazama juu. Mawingu yalipita juu ya kuta nne taratibu, kama watu wanaochungulia ndani na kuona haya.

"Leo dari yangu ina kondoo," alimwambia binti yake. "Jana ilikuwa nyeupe tupu, sikuipenda."

Alikuwa amezungushwa kwa watoto wanne kama kiti cha kuazima. Kwa kila nyumba alijua mahali pa kujikunja ili wenye nyumba wapite. Humu ndani, kati ya matofali yaliyokuwa bado yananuka saruji mbichi, hakuna aliyemwambia asogee.

* * *

Bwana Futi alifika siku ya Jumanne, saa nane mchana, saa ambayo hata mbwa hubweka kwa kukadiria tu. Ni afisa wa ujenzi wa halmashauri. Jina alipewa na mafundi kwa sababu ya ile futi ya chuma ya kupimia inayoning'inia kiunoni kwake, akitembea inampiga paja. Alizunguka uani, akatazama kuta, akatikisa kichwa, akafungua kopo la rangi nyekundu. Bibi alikuwa ndani, usingizi umemchukua nusu. Akasikia brashi ikikwangua ukuta kwa nje.

"Nani huyo anayepaka rangi kabla ya lipu?" akauliza.

Bwana Futi akashtuka, nusura aangushe kopo. "Kumbe kuna mtu? Ni halmashauri, mama."

"Halmashauri imekosea. Hapa inatangulia lipu, halafu chokaa, ndiyo rangi. Mwulize mkwe wangu, ni fundi."

"Ndiye ninayemtafuta," alisema Bwana Futi, akamalizia mkono wa pili wa alama ya X. Ilikuwa kubwa kuliko mtu, na rangi ilichuruzika kutoka kwenye ncha zake. Akaweka karatasi kwenye kizingiti, akaifunika kwa kipande cha tofali isipeperuke.

Mke wa Fundi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, pini tatu bado zimebanwa mdomoni. Ujenzi usimame. Hakuna kibali. Siku ishirini na moja za kufuata taratibu, la sivyo jengo litavunjwa kwa gharama ya mwenye kiwanja. Alizitoa pini moja moja.

"Fundi," aliuliza mumewe aliporudi jioni, "umejenga nyumba ngapi katika mtaa huu?"

"Thelathini na kitu."

"Na hujui kwamba kuna kibali?"

Fundi alinawa mikono polepole. "Kibali ni cha mwenye nyumba. Mimi siku zote ni fundi tu. Kibali kilikuwa kwao, matofali yalikuwa kwangu." Akajifuta maji kwenye suruali. "Safari hii nimesahau kwamba mwenye nyumba ni mimi."

* * *

Ofisi ya vibali ina madirisha matatu, na la mwisho ndilo la ujenzi. Kizingiti cha dirisha hilo kiko chini mno, mtu mzima akitaka kusema na aliye ndani lazima ainame kama anayeokota sindano. Fundi alikijua vizuri. Alikijenga mwenyewe miaka tisa nyuma, kwa vipimo alivyopewa, na siku ile alicheka akisema watu watavunjika viuno. Sasa aliinama.

"Ramani," alisema mama wa dirishani bila kuinua macho.

Fundi alikunjua karatasi ya mfuko wa saruji. Alikuwa amechora usiku kucha kwa penseli ya useremala, kuta, mlango, choo, na katikati kigoda cha Bibi, kwa sababu hakujua kama samani nazo zinatakiwa. Mama wa dirishani aliitazama, akaigeuza, akasoma nyuma: *Kilo hamsini. Weka mahali pakavu.*

"Hii ni nini, baba?"

"Ramani."

"Ramani hutoka kwa mchora ramani, ina skeli, ina mhuri wake. Hii imetoka wapi?"

"Imetoka kichwani. Mimi nyumba naijenga kichwani kwanza."

"Basi pitisha kichwa hapa dirishani nikipige mhuri."

Foleni nzima ilicheka. Hata Fundi alicheka, maana usipocheka mahali kama hapo unaonekana umeumia. Masikio yake yaliwaka moto mpaka nyumbani.

Aliyoambiwa ni haya: alete ramani ya mtaalamu na hati ya kiwanja, alipie fomu, alipie ukaguzi. Ukuta uwe mita moja na nusu kutoka mpakani, pande zote. Ukipungukia hapo, jirani wa upande huo atie sahihi kwamba ameridhia, na ukuta usiwe na dirisha la kumchungulia.

"Mita moja na nusu nimeacha," Fundi alisema kwa furaha ya mwanafunzi aliyebahatisha swali moja. "Nilipima mwenyewe, sijapunguza hata kidole."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye ua wa miti ulio kati yangu na jirani."

Hapo ndipo mama wa dirishani alipoinua macho. "Ua si mpaka, baba. Ua ni majani. Mpaka ni jiwe. Tutamtuma mtu."

Fedha ya mabati ikageuka ramani, fomu na ukaguzi. Mke aliwasha taa ya korido, akaketi kwenye cherehani. Usiku huo alishona sketi kumi na moja, na mlio wa cherehani ulipita chini ya pazia la Bibi kama gari moshi linalopita mbali. Bibi akaota yuko safarini, na kila kituo anachoshuka wanamwambia si hapa, panda tena.

* * *

Mtu aliyetumwa alikuwa yule yule Bwana Futi. Alikuja na ramani ya viwanja na nondo ndefu ya kuchomea ardhi. Watu wa nyumba walitoka wote, mabinti wakapanda juu ya rundo la kokoto. Ng'ambo ya ua, kati ya majani, ukaonekana uso wa Nesi.

Nesi ni jirani wa upande huo. Amestaafu mwaka jana, anaishi peke yake. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi zamu ya usiku hospitalini, na mtaa ulimzoea kama mwezi, kwamba yupo lakini mchana humwoni. Alikuwa akimpima Bibi presha kila Alhamisi, akipitisha kifaa juu ya ua na Bibi akinyoosha mkono kama anayeomba maji.

Bwana Futi alipima kutoka barabarani, akahesabu hatua, akachoma nondo. Udongo mtupu. Akasogea, akachoma. Udongo mtupu. Mara ya tano nondo iligonga zege. Alikuwa amesimama mbele ya karo la kufulia, sakafu safi ya zege ambayo mke wa Fundi hufulia nguo kila Jumamosi.

"Jiwe liko hapa chini," alisema. "Karo hili amejenga nani?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Lini?"

"Zamani."

"Nibomolee kona hii."

Fundi alichukua nyundo. Alipiga mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi asikotaka kufunguliwa. Zege likapasuka. Chini yake likatokea jiwe la mraba, jeupe, na namba zake zimekaa sawasawa kana kwamba ziliandikwa jana.

Bwana Futi alishika futi kwenye jiwe, akaivuta hadi kwenye ua. Chuma kiling'aa juani. "Mita moja na robo," alisoma. Akapima na ukutani. "Kutoka jiwe hadi kwenye jengo lako, robo mita. Robo, Fundi, si moja na nusu. Hata paka mnene hapiti kwa raha."

Bibi aliyekuwa kwenye kigoda akatazama jiwe, akatazama ua, akatazama tena jiwe. "Basi huyu ametembea," alisema kwa mshangao wa mtoto. "Amekaa hapa miaka yote anatulinda, kumbe anatembea!"

Ndiyo, msikilizaji wangu, fumbo limefumbuka. Ni ua. Na ua hautembei kwa uchawi. Unatembea hivi: kila Jumapili mwenye nyumba mmoja, mtu wa mistari iliyonyooka, anafunga kamba, anachukua mkasi mkubwa na kuukata upande wake, kidole kimoja tu, kwa usafi. Yale matawi aliyokata hayatupi. Mvua ikinyesha anayachomeka kwenye mapengo ya upande wa pili, yashike. Kidole kwa kidole, mvua kwa mvua. Ua unanona kule na kukonda huku, na kule unakoelekea jirani amelala, kwa sababu usiku kucha alikuwa akigeuza wagonjwa.

"Mlimau wangu," alisema Nesi. Sauti yake ilitoka kwenye majani, mtu hakuonekana vizuri. "Mlimau wangu uko ndani ya ua. Nilipoupanda ulikuwa huru." Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Jirani, ulijua?"

Fundi alikuwa akitazama mawingu. "Nani angejua, Mama Nesi? Ua ni majani, yanaota yanavyotaka."

"Sikuuliza ua ni nini. Nimeuliza kama ulijua."

"Aah, mambo ya vipimo haya," alisema Fundi, akaokota kipande cha zege na kukigeuza mkononi.

Bwana Futi alifunga futi yake, trrrap! "Yenu ya nyuma mtayamaliza wenyewe. Halmashauri inachotaka ni moja kati ya mawili. Ama sahihi ya jirani, ama ukuta ushuke. Zimebaki siku kumi na mbili."

* * *

Jioni kaka wa mke alipiga simu. Ndiye aliyemshusha Bibi hapo miezi ile kumi na minne, na habari za alama nyekundu zilikuwa zimemfikia.

"Mwisho wa mwezi nakuja na gari, nimchukue mama," alisema, na simu ilikuwa na sauti kubwa, korido nzima ikasikia. "Nimeshamwandalia. Kuna stoo, nimetoa maboksi nusu."

"Nusu?" aliuliza mke.

"Mengine ni ya biashara, nitayaweka wapi? Yeye mwenyewe ana mwili gani? Anatosha."

Mke alikata simu. Akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hawezi kupita kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Mume wangu," alisema mke.

Fundi alishusha kikombe.

"Karo lile ulilijenga wiki niliyokwenda kwa mama kumwuguza baba. Niliporudi nikakuta zege limekauka. Nikakushukuru. Nikawaambia majirani, mume wangu hakungoja niombe." Alipitisha kidole juu ya kitambaa cha buluu, akikilainisha. "Ulikuwa unanijengea karo, au ulikuwa unafunika kitu?"

"Chai inapoa."

"Iache ipoe."

"Nyumba ninamjengea nani? Mama yangu? Ninamjengea mama yako!"

"Ndiyo. Mama yangu. Basi usimlaze juu ya swali."

Kesho yake mke mwenyewe alikwenda kwa Nesi, na fomu ya sahihi pamoja na kitambaa cha meza alichokitarizi kwa mkono. Nesi alimkaribisha, akampa kiti, akakisifia kitambaa kwa kukipapasa pande zote mbili kama mtu anayejua kazi. Kisha akakikunja vizuri na kumrudishia.

"Mama yako nampenda," alisema. "Presha yake naijua kuliko umri wangu. Lakini karatasi hiyo aje nayo yule aliyeshika mkasi."

* * *

Fundi hakwenda. Siku ya kwanza alisema ana kazi, ya pili akasema jua kali. Ya tatu alitoka kabla ya chai, na hakuna aliyemwuliza. Jumapili ikafika, kamba na mkasi vikabaki vimetundikwa kwenye msumari. Ua ulianza kuchipua machipukizi membamba upande huu, yakayumba kwa upepo kama vidole vya mtu anayeuliza njia.

Asubuhi moja Bibi aliamka mapema kuliko kikohozi. Alitoka na kigoda chake, ukungu mwepesi umelala uani, na alipofika kwenye chumba kisicho na paa akamkuta Fundi ndani. Amekaa chini, mgongo ukutani, miguu imenyooka, kofia magotini. Wote wawili wakashtuka. Fundi akataka kuinuka.

"Kaa, mkwe," alisema Bibi. "Hukukohoa leo."

"Sikujua kama kuna mtu, mama."

"Hata mimi sijajifanya kulala."

Akaweka kigoda mbali naye, pembe ya pili, kwa adabu. Wakakaa. Juu ya kuta mbingu ilikuwa inabadilika kutoka kijivu kwenda maziwa, na ndege mmoja akapita kutoka ukuta hadi ukuta, kana kwamba chumba chote kilikuwa chake kwa pumzi moja.

"Nimeota usiku," alisema Bibi. "Naona nyumba hii inanyanyuka, inatembea polepole, nami nimo ndani na kigoda changu. Nikawaambia, jamani, mnanipeleka wapi? Hakuna anayejibu. Nikachungulia chini nione nani ameibeba, nikakuona wewe. Umeibeba peke yako, jasho linakutoka, na umefumba macho."

Fundi aliigeuza kofia magotini.

"Nikirudishwa nitakwenda, mkwe. Mimi mzigo wangu naufunga haraka, siku hizi nafunga hata gizani. Stoo nayo ni chumba. Ila dari hii sitaipata." Alicheka kidogo, meno mawili ya mbele hayapo. "Usikae chini, saruji ina baridi. Utapata kifua cha kweli."

* * *

Siku moja kabla ya zile siku kwisha, saa tisa mchana, Fundi alisimama nje ya mlango wa Nesi, fomu ameibana kwapani. Hakukohoa. Alibisha hodi.

"Karibu ndani, jirani," alisema Nesi. "Viatu viache mlangoni, sakafu yangu imezoea usafi."

Sebule ilikuwa ndogo, mapazia mazito ya rangi ya chai, yale ya watu waliojifunza kulala mchana. Mwanga uliingia kwa chini tu, ukatambaa sakafuni hadi kwenye miguu ya meza. Pembeni ilikuwa saa ya ukutani iliyosimama, na hewa ilikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali. Fundi alihisi kana kwamba ameingia ndani ya usingizi wa mtu.

Aliweka fomu mezani. Nesi alivaa miwani, akaisoma yote, hata maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma.

"Robo mita," alisema.

"Ndiyo, Mama Nesi. Upande wako hakuna dirisha. Na maji ya paa nitayaelekeza kwangu. Na ua nitaung'oa niupande upya kwenye jiwe, nikuachie mlimau wako, hata kesho nikianza..."

"Ngoja, maneno yako yanakimbia." Alivua miwani. "Nikuambie kitu. Wewe umewahi kulala mchana miaka mingi?"

"Hapana."

"Unakuwa huamini kitu. Unaamka saa kumi jioni, hujui ni leo au kesho. Katika usingizi ule nilikuwa nasikia mkasi. Chwa. Chwa. Chwa. Kila Jumapili. Nikasema, ni ndoto. Nikiamka natazama ua, naona kama umesogea. Nasema, ni macho. Mlimau niliupanda hatua tatu kutoka kwenye ua, nilihesabu. Mwaka mwingine nahesabu, mbili. Mwaka mwingine, moja. Nikasema, basi nilihesabu vibaya, au sijui tena kuhesabu."

Fundi alitazama mikono yake.

"Mama yangu akili zilimtoka akiwa na miaka hamsini na minane," aliendelea Nesi kwa sauti ile ile, kama anayesoma cheti cha mgonjwa wa mtu mwingine. "Ilianza hivi hivi. Akisema kabati limesogea, mlango umehama. Tulimcheka. Sasa mimi nilipoona ua unatembea, nikajua zamu yangu imefika. Niliomba kustaafu kabla ya wakati. Niliogopa nitakuja kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Niliacha kazi, jirani. Nilikuwa naipenda."

Nje, mahali fulani, mlango ulijifunga polepole. Nesi alichukua kalamu, akaweka sahihi mahali pa kuweka sahihi, akaandika tarehe, akaupuliza wino ingawa haukuwa wino wa kupuliza.

"Chukua," alisema. "Hii ni ya mama yako mkwe. Akae, apate na mlango wa kufunga. Sitaki kitambaa, sitaki ua mpya. Swali langu nililiuliza siku ile mbele ya watu na hukulijibu. Sitaliuliza tena."

Fundi alishukuru, nusu kwa sauti. Alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akavaa viatu, akatoka. Kutoka mlangoni hadi kwenye geti la Nesi ni hatua kumi na nne. Alizihesabu bila kutaka. Ng'ambo ya ua, juu ya kuta za uani, aliona mawingu yamesimama, na akajua kwamba chini yake kuna kigoda. Karatasi ilikuwa na joto mkononi. Angevuta komeo tu, angekuwa amefika nyumbani na kila kitu, na kesho dirisha la tatu lingepiga mhuri.

Alisimama na komeo mkononi muda mrefu, mpaka Nesi, aliyekuwa bado amekaa mezani mlango wazi, akainua uso kuona kama amekwenda.

Fundi alirudi. Akavua viatu tena, kimoja, kingine. Akavua na kofia. Akaikunjua ile karatasi, akailainisha kwa kiganja, akaiweka mezani karibu na mkono wake Nesi, mahali ambapo angeweza kuichana bila hata kunyoosha mkono.

"Akili zako ni nzima, Mama Nesi," alisema. "Mwaka wa pili niliona jiwe limebaki upande wangu. Nikamwaga zege juu yake. Nilijua."